Watoto Watano wa Mambo Msiige

Katika mwezi wa Januari, mwaka 1862, mtumbwi mmoja uliokuwa ukiteremka mto Shire, katika nchi ambayo leo huitwa Malawi, uliingia maji usiku, na miongoni mwa vitu vilivyozama lilikuwamo sanduku la dawa. Waliokuwa wakisafiri katika mtumbwi huo ni Charles Frederick Mackenzie, askofu wa kwanza wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, na kasisi kijana aitwaye Henry Burrup, aliyekuwa amewasili nchini karibuni. Waliokoa nafsi zao na nguo zilizowaganda mwilini, wakalala ukingoni katikati ya mbu, na kulipokucha wakaendelea na safari yao bila ya chembe ya kwinini, wakaenda kungoja katika kisiwa kidogo penye makutano ya Shire na Ruo. Humo homa ikawakuta. Tarehe 31 Januari askofu akafariki, na Burrup, ambaye mwenyewe alikuwa hajiwezi, akamzika chini ya mti kando ya mto, akisoma maneno ya maziko kwa moyo kwa sababu giza lilikuwa limekwisha kuingia na kitabu hakionekani. Hazikupita wiki nne naye Burrup akamfuata.

Nimeanza na sanduku hili la dawa kwa makusudi, kwa kuwa wengi wetu, tunaposoma habari za Kanisa katika nchi hizi, huanza na kengele na minara na umati wa watu wanaobatizwa, tukasahau kwamba mambo mengi yaliyodumu yalianza na hasara ambayo hakuna aliyeiona kuwa ni kitu kingine ila hasara. Wale waliokuwako hawakuwa na njia ya kujua. Burrup alipokuwa akifukia kaburi lile usiku, hakuwa na dalili yoyote mbele ya macho yake ya kumwambia kwamba kuna jambo jema njiani.

Misheni hiyo ilikuwa imezaliwa kwa shangwe kubwa. Mwezi wa Desemba, mwaka 1857, David Livingstone alisimama mbele ya wanafunzi na wanazuoni wa Cambridge akawasihi wasiiache njia aliyoifungua katika Afrika ya Kati ikazibika tena, na vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, kisha Durham na Dublin, vikaitikia wito. Mackenzie aliwekwa wakfu huko Cape Town siku ya Mwaka Mpya, 1861, na katikati ya mwaka huo huo alikuwa amekwisha fika katika milima ya Shire, mahali paitwapo Magomero. Walipokuwa njiani walikutana na msafara wa watumwa waliofungwa shingo kwa miti ya panda, wake kwa waume na watoto, wakipelekwa pwani. Wachungaji wa msafara wakakimbia, kamba zikakatwa, na watu 84 wakawa huru mchana ule. Miongoni mwao alikuwamo mtoto wa Kiyao aliyeitwa Chuma. Tutakutana naye tena.

Watu wale waliokombolewa ndio waliokuwa kijiji cha kwanza cha misheni, na kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba kila kitu kinakwenda kama kilivyoombewa. Walakini nchi ilikuwa katika vita, na misheni ikajikuta imeingia ndani ya vita hivyo, mvua zikakosekana, njaa ikaingia, njaa kali iliyowaacha watu wamelala njiani, na juu ya mambo hayo yote ilikuwako homa, ambayo haikumchagua mgeni wala mwenyeji. Baada ya Mackenzie na Burrup wakafa wenzao wa misheni, Scudamore na Dickinson. Askofu wa pili, William George Tozer, alipofika mwaka 1863 alikuta makaburi mengi na Wakristo hakuna. Alijaribu kukaa katika mlima wa Morambala, ulio karibu na mto Zambezi, akaona ya kuwa ukungu na baridi ya mlima ule vitawamaliza waliobakia. Na mwaka 1864 akakata shauri ambalo halikumpendeza karibu mtu yeyote: kuiacha bara na kwenda kukaa Unguja.

Livingstone alihuzunika sana, akaona kwamba huku ni kukimbia. Huko Uingereza nako wapo waliosema hivyo hivyo, kwamba misheni iliyotumwa kwenye moyo wa Afrika imekwenda kujificha katika kisiwa cha pwani, umbali wa mamia ya maili kutoka kwa watu iliyoahidi kuwatumikia. Mimi simlaumu Tozer, wala sitaki kumfanya kuwa nabii aliyejua yatakayokuja. Alikuwa mtu aliyeshindwa, akalikubali neno hilo, akatafuta mahali ambapo wenzake wangeweza kuishi. Hiyo ni hekima ya kawaida, haina fahari ndani yake, na mara nyingi ndiyo hekima ambayo Mungu huitumia.

Tozer na rafiki yake Edward Steere wakashuka Unguja mwishoni mwa mwezi wa Agosti, mwaka 1864. Wakapata kukaa Shangani, katika nyumba kubwa inayotazama bahari, iliyojengwa na mwungwana wa Kiarabu kiasi cha miaka kumi na mitano mbele yake, nayo nyumba hiyo inasimama hata leo na jina lake ni lile lile, Mambo Msiige. Mji ulikuwa umejaa biashara: pembe, karafuu, sandarusi, na katika mtaa wa Mkunazini, mwendo mfupi kutoka hapo, binadamu. Wageni wale hawakujua lugha ya mji. Hawakuwa na waumini, wala shule, wala mtu wa kuwafuata. Walikuwa na nyumba tu yenye vyumba vingi vitupu.

Ndipo Sayyid Majid, Sultani wa Unguja, alipowapelekea watoto watano. Walikuwa wavulana wadogo waliokutwa katika jahazi lililokamatwa kwa kuchukua watumwa kinyume cha amri, na kwa kuwa hawakuwa na mtu wa kuwadai wala kwao hakukujulikana, Sultani aliwatoa kwa askofu. Nataka msomaji asimame kidogo hapa. Zawadi ya kwanza iliyopata misheni ya Kikristo katika kisiwa kile ilitoka katika mkono wa mfalme Mwislamu, na zawadi yenyewe ilikuwa ni watu, tena watoto, waliotolewa kama vile kitu kinavyotolewa, bila ya wao kuulizwa. Kuna uchungu ndani ya zawadi hiyo ambao haufai kufunikwa. Uvumi ulioenea siku zile, pwani na bara, ulikuwa kwamba Wazungu hula watu. Basi tuwafikirie watoto wale wakipandishwa ngazi za nyumba ya Shangani, kila mmoja akiwa amekwisha pitia mikono isiyohesabika, kila mmoja akiwa na mama mahali fulani ambaye hatamwona tena, wakiingizwa katika chumba chenye watu wenye nyuso za rangi wasiyoizoea, na bila shaka wakijiuliza ni lini watachinjwa. Walichopewa kilikuwa ni chakula, na nguo, na mahali pa kulala. Kesho yake wakapewa tena.

Jambo moja limenishughulisha sana katika habari za watoto hawa na wenzao waliowafuata, nalo ni majina yao. Ilikuwa ada ya pwani kwamba mtumwa apewe jina jipya na bwana wake, na majina hayo aghalabu yalikuwa ya siku, kama Juma na Hamisi, au ya vito, kama Almasi na Feruzi, au ya heri ambayo bwana alijitakia mwenyewe: Baraka, Bahati, Mabruki, maana yake aliyebarikiwa, Farajallah, maana yake faraja itokayo kwa Mwenyezi Mungu, Majaliwa, yaani yale ambayo Mungu amemjalia mja wake. Basi mtoto aliyetekwa usiku, aliyetembezwa miezi hata pwani huku akiona wenziwe waliochoka wakiachwa njiani, akafika mahali akaambiwa: tangu leo jina lako ni Faraja ya Mungu. Sidhani kwamba waliowaita hivyo walikuwa wakidhihaki. Walikuwa wakisema juu ya baraka zao wenyewe, juu ya mali iliyowaingilia. Lakini jina likisha kutamkwa hutoka katika mkono wa aliyelitamka. Katika daftari za misheni majina haya yakaandikwa pamoja na majina ya ubatizo, wala hayakufutwa, na kwa hiyo tunaye George Farajallah, tunaye John Swedi, na baadaye tunaye Cecil Majaliwa. Wazee wetu husema baada ya dhiki faraja, na sisi hulitaja neno hili upesi upesi, kama mtu anayemfungia mwenzake mlango wa kilio. Ilhali walikuwako watu ambao dhiki na faraja vilikaa katika mwili mmoja na katika jina moja, na walijua uzito wa vyote viwili.

Steere hakuwa mtu wa kutarajiwa kufanya aliyoyafanya. Alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria hata akawa wakili, kisha akawa padre wa shamba. Alikuja Afrika kumsindikiza rafiki yake tu, akidhani atakaa muda mfupi. Mtu huyu, alipoona kwamba hawezi kuwafundisha watoto neno lolote mpaka wao wamfundishe kwanza, alikaa nao chini akauliza. Hiki ni nini? Na hiki? Kimoja huitwaje, na vikiwa vingi huitwaje? Watoto wenyewe hawakuwa Waswahili wa kuzaliwa. Walikuwa na lugha za kwao, na Kiswahili walikuwa wakikiokota njiani na mjini kama yeye alivyokuwa akikiokota. Basi mwanafunzi na mwalimu walikuwa katika chuo kimoja, na sifikiri kwamba kuna mwanzo bora kuliko huo wa kazi ya kufasiri. Kama misheni ingalibakia Magomero na kufanikiwa, Steere angalijifunza lugha ya mabonde yale, jambo ambalo lingekuwa jema, lakini lugha iliyokuwa ikipita kutoka pwani hata maziwa makuu katika midomo ya wachukuzi na wafanya biashara isingalimpata mtumishi huyu.

Mji nao ulimsaidia kwa ukarimu ambao Wakristo hatujausimulia vya kutosha. Waungwana na wasimulizi wa Unguja walimpa hadithi zao, ambazo alizitoa katika kitabu mwaka 1870, mwaka ule ule alipotoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja. Na katika dibaji ya sarufi ile anaeleza kwamba mwanachuoni mmoja, Sheikh Abdulaziz, alijitolea kwa hiari yake kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho safi kuliko vyote. Kazi haikwenda mbali, kwa kuwa Sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na pia kwa kuwa lugha yake ilikuwa ya kitaalamu mno kwa watoto na watu wa kawaida. Ilisimama katika Zaburi ya sita. Hata hivyo Steere hakuzitupa. Alizipiga chapa zilivyo, ziwe ukumbusho wa ihsani ya mtu yule na kielelezo cha lugha ya kale katika ubora wake. Zaburi sita si nyingi. Lakini nikizifikiria namwona msomi wa Kiislamu, katika mji ambao wageni hawa walikuwa wamekuja na dini isiyo yake, akikaa na kalamu yake akitafuta neno zuri kuliko yote kwa ajili ya maombi ya Daudi, na naona kwamba ile nayo ilikuwa ni tunu ambayo misheni haikuiomba, wala isingalijua kuiomba.

Kisha kikaja kiwanda cha chapa. Steere alileta mashine ndogo, akawafundisha wavulana kazi yake, na naomba ruhusa nikae katika chumba kile kwa muda, kwa maana hapo ndipo habari hii inapokaribia macho. Herufi za risasi zilikaa katika vijisanduku, kila herufi na nyumba yake, na mpangaji alizichukua moja moja kwa vidole akizipanga kinyume, kutoka kushoto kwenda kulia lakini zikiwa zimegeuka kama sura katika kioo, mpaka mstari ujae; kisha mstari mwingine; kisha ukurasa mzima ukafungwa katika fremu, ukapakwa wino, karatasi ikawekwa juu, na mkono ukavutwa. Katika Kiswahili herufi ya a huchosha kuliko zote. Hakuna ukurasa ambao hauimalizi. Mvulana wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, ambaye miaka michache nyuma alikuwa amehesabiwa ndani ya jahazi pamoja na mizigo, alikuwa akihesabu herufi, na ukurasa ulipoinuliwa ukiwa na maji ya wino bado, maneno yaliyokuwa yamegeuka yalisomeka sawasawa. Ndivyo zilivyotoka sala, na nyimbo, na vitabu vya kusomea, na sehemu za Maandiko, zikiandaliwa na vidole vya watu ambao sheria ya soko iliwaita bidhaa.

Miaka ile haikuwa ya raha. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu kisiwani. Farajallah, aliyepewa daraja ya shemasi mdogo pamoja na John Swedi mwaka 1870, hakukawia kufariki. Mwezi wa Aprili, mwaka 1872, kimbunga ambacho kisiwa kilikuwa hakijapata kukiona kiling'oa mikarafuu na minazi, kikavunja majahazi bandarini, na majumba ya misheni nayo hayakusalimika. Tozer alikuwa amekwisha kuharibika afya yake, akaondoka asirudi, na Steere, aliyekuwa amekwenda Uingereza kwa miaka kadhaa, akarudi kuibeba kazi ambayo hakuitaka kwa cheo, hata mwaka 1874 akakubali kuwa askofu wa tatu.

Wakati huo jambo lilikuwa limetokea mjini. Tarehe 5 Juni, mwaka 1873, Sayyid Barghash, Sultani wa wakati huo, chini ya shinikizo kubwa la Waingereza, alitia sahihi mapatano ya kukataza biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la Mkunazini likafungwa. Uwanja ulibaki mtupu. Padre Arthur West akaununua kwa ajili ya misheni, na sehemu nyingine ikatolewa kwa hiari na tajiri wa Kihindi. Na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Steere alikuwa mhandisi wa kanisa lile zaidi ya kuwa askofu wake. Paa alilitengeneza kwa mawe ya matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, likapinda juu kama chombo kilichogeuzwa, na husimuliwa kwamba watu wa mji walingoja siku miti ya kuliegemeza itakapoondolewa ili walione likianguka. Halikuanguka. Huko nyuma, karibu na mlango wa magharibi, nguzo kadhaa zimesimama kichwa chini, kwa kuwa mafundi waliziweka hivyo siku ambayo askofu hakuwapo, na alipozikuta akaziacha. Siku ya Krismasi, 1877, ibada ya kwanza ikasomwa humo.

Aingiaye leo ataonyeshwa mbele ya madhabahu duara ya marumaru nyeupe iliyozungukwa na mawe mekundu. Ndipo, kwa mapokeo ya mahali, uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa ili wanunuzi waone ni yupi mwenye kustahimili. Nami hapa yanilazimu kusema neno moja wazi wazi. Wapo wenye nia njema ambao, wakisimama mbele ya duara ile, husema kwamba Mungu aliuruhusu utumwa ili Injili ipate njia. Mimi siafiki, na nadhani kusema hivyo ni kuwadhulumu waliolia pale. Yusufu alipowasamehe ndugu zake hawakuambiwa kwamba walitenda vema. Waliambiwa kwamba walikusudia mabaya, na kwamba Mungu alikuwa na kusudi lake mwenyewe. Uovu ulibaki kuwa uovu. Neema haikuuhitaji ili ije, bali iliwafuata waliotupwa ndani yake, ikawakuta wakiwa hai. Tofauti ya maneno haya mawili ni ndogo kwa kuandika na kubwa mno kwa kuamini, maana anayelikubali la kwanza atakuwa mwepesi kuvumilia mateso ya wenzake akingojea faida yake.

Steere hakukaa akifurahia kanisa lake. Wengi wa waliokombolewa waliokuwa wakikaa Mbweni, katika shamba ambalo misheni ililinunua kwa ajili yao, walikuwa na shauku ya kurudi kwao, na mwezi wa Oktoba, 1876, aliondoka nao kwa njia ya Lindi, wanaume 31 na wanawake 24, wakikusudia kufika upande wa ziwa Nyasa. Hawakufika. Walipokuwa Masasi walikuta nchi yenye maji na udongo mzuri chini ya majabali makubwa, wakaomba wakae hapo hapo, wakajenga. Kwa hiyo hata Masasi, ambayo imekuwa mama wa Kanisa katika kusini yote ya Tanzania, ilikuwa ni mahali ambapo safari ilikatika.

Mwaka 1882 ulikuwa mzito. Mwezi wa Agosti Steere alikutwa amekufa kitandani mwake Unguja, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga. Mwezi uliofuata Wangoni, waliojulikana huko kwa jina la Magwangwara, waliishukia Masasi, wakachoma kijiji, wakaua na kuchukua mateka, na baadhi ya wale ambao walikuwa wamekwisha kukombolewa mara moja wakaingia tena utumwani. Mwaka huo huo alifariki Unguja yule Chuma, mtoto wa Magomero. Baada ya misheni kuvunjika alikuwa amefuatana na Livingstone miaka yote ya mwisho. Livingstone alipofariki, yeye na mwenzake Susi na wengine ndio waliouzika moyo wake chini ya mti katika kijiji cha Chitambo, wakauchukua mwili mpaka pwani. Kisha akawa kiongozi wa misafara, na kwa Steere akaongoza safari ya kwenda kwa Wayao, watu wake mwenyewe. Katika kanisa la Mkunazini umo msalaba mdogo wa mbao, na mbao yake ni ya ule mti wa Chitambo. Watu huutazama kwa ajili ya Livingstone. Mimi sijaweza kuutazama bila ya kumkumbuka Chuma, ambaye kama Magomero isingalikuwapo, na kushindwa kwake kote, asingalikuwa huru kuuchagua mti ule.

Kazi ya kufasiri haikufa na Steere. Agano Jipya lilitoka mwaka 1883, na wenzake, Padre Hodgson akiwa mbele yao, wakaendelea na vitabu vilivyobaki hata mwaka 1891 Biblia nzima ikapatikana kwa Kiswahili cha Unguja. Wamisionari wa Mombasa walikuwa na Kiswahili chao cha Kimvita, kilichopendwa tangu siku za mmisionari Krapf, na ubishi baina ya pande mbili ulikuwa mrefu. Lakini mwaka 1930, Kamati ya Lugha ilipoanza kazi ya kuisanifu lugha kwa ajili ya shule za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, Kiunguja ndicho kilichofanywa msingi. Zilikuwako sababu nyingi za serikali na biashara, na sitaki kuyaweka yote juu ya misheni. Hata hivyo sehemu moja ya njia hiyo ilipita katika chumba kile cha herufi za risasi, na katika maswali ambayo wakili wa London aliwauliza watoto watano wasiojua kwao.

Wa watano hao John Swedi alifanywa shemasi mwaka 1879. Aliyewapita katika safari hiyo alikuwa mmoja wa waliokuja nyuma yao, Cecil Majaliwa, Myao, aliyetekwa akiwa mtoto, akalelewa na kusomeshwa katika shule ya misheni ya Kiungani, akapelekwa Uingereza kwa masomo Canterbury, akarudi kufundisha. Mwaka 1886 aliagizwa kwenda Chitangali, katika nchi ya Wayao iliyo juu ya Lindi, na mwaka 1890 akapewa upadre, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni ile. Alipanda kutoka pwani pamoja na mkewe na watoto wake, kuelekea upande ule ambako miaka mingi misafara ilikuwa ikiteremka na watoto kama alivyokuwa yeye, akiwa na vitabu vilivyopigwa chapa Unguja. Huko alikaa miaka kumi na zaidi, akabatiza, akafungua shule, akawafundisha watu wa lugha yake kusoma. Nao wakamwita kwa jina alilokuja nalo, lile ambalo yamkini bwana wa watumwa, hatumjui ni nani, alilitamka siku moja akifikiria mali yake.